Magaga ya Miguu na Mikono Iliyokauka: Mwongozo kwa Watu wa Korosho, Chumvi na Kusi

Shangazi yangu wa Newala ana kipimo chake cha magaga. Akijifunika shuka usiku na kisigino kikanasa uzi, anajua kusi limeshaingia. Kipimo hicho hakijawahi kumwongopea. Mvua ikikata, upepo ukaanza kuvuma kutoka kusini na uwanda wa Makonde ukapoa, miguu ya watu huanza kufanana na tope la mbugani lililopigwa jua. Huku chini, Mtwara mjini na Lindi, hewa ina unyevu zaidi, ila kuna chumvi, mchanga na kandambili, na mwisho wake ni ule ule.

Kosa ninaloliona nyumba kwa nyumba ni moja. Mtu akiona kisigino kimepasuka anakimbilia jiwe. Anasugua mpaka anaona damu. Siku mbili tatu kisigino kinang'aa, wiki mbili baadaye kimerudi kigumu kuliko mwanzo, kwa sababu ngozi inayosuguliwa kwa nguvu hujijengea unene ili kujikinga, kama kiganja cha mshika jembe. Halafu anapaka mafuta mguu ukiwa mkavu kabisa, mafuta yanaishia kwenye shuka, naye anasema mafuta hayamfai.

Kilichopungua pale ni maji. Mafuta kazi yake kubwa ni kuyafungia maji hayo yasitoroke. Na viganja na nyayo vina shida yao ya kuzaliwa: havina tezi za mafuta. Mgongo wako unajipaka wenyewe kidogo kidogo kila siku, unyayo unakutegemea wewe.

Kwanza hakikisha ni magaga kweli

Keti mlangoni mchana, geuza unyayo uutazame. Ukishindwa kuinama tumia kioo, au mwite mjukuu akuangalizie. Magaga ya kawaida hukaa ukingoni mwa kisigino, ngozi ni nene yenye unjano au ukijivu, na miguu yote miwili hufanana. Hayawashi sana.

Kama panawasha, au ngozi ya katikati ya vidole imekuwa nyeupe na laini kama iliyolowa, au kuna unga mweupe umeenea unyayo mzima na kiganja kimoja nacho kinabanduka, hizo huenda ni fangasi. Nunua dawa ya kupaka ya klotrimazo kwenye duka la dawa, paka mara mbili kwa siku, na usiache siku muwasho unapokoma, endelea mpaka wiki nne zitimie. Ukizivalisha fangasi soksi zenye mafuta usiku kucha umezitandikia kitanda.

Kidoa cheusi chenye duara jeupe karibu na ukucha ni funza. Atolewe kwa sindano iliyochemshwa, jeraha lioshwe.

Mwenye kisukari asifuate hatua za kuloweka na kusugua zilizo hapa chini. Yeye aoshe miguu haraka kwa maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko, aikaushe vizuri, apake mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole, na aitazame kila siku. Jiwe aliache. Kisukari huleta ganzi, na mguu wenye ganzi hauna wa kuupigia kelele. Wazee husema panya hung'ata na kupuliza, watu wakacheka, lakini madaktari wa kisukari Dar es Salaam wamewahi kuandika habari za wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usingizini bila kusikia kitu.

Ukikuta baka lililopauka au jekundu ambalo ukilichoma kwa ncha ya kijiti husikii, usilipake chochote. Nenda kituo cha afya ukapimwe ukoma. Unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Mwenye matende naye, ugonjwa wa zamani wa pwani yetu hii, ajue kwamba kuosha mguu kwa upole, kukausha kila mkunjo na kulinda ngozi isipasuke ndiyo nusu ya tiba yake, maana kila ufa ni mlango wa vijidudu vinavyouvimbisha mguu zaidi.

Hatua ya kwanza: jua kinachokukausha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukipaka usiku na kuharibu mchana unajaza maji kwenye pakacha.

Nianze na korosho. Ganda la korosho lina kuta mbili, na katikati yake mna kitu kama sponji kilichojaa mafuta ya rangi ya kahawia. Mafuta hayo yana asidi ya anakadi na kadoli, na yote mawili huunguza ngozi. Kwa hiyo mwenye kubangua nyumbani vidole vyake huwa vyeusi, ngozi inababuka, inatoka kama ganda la kitunguu, na ile mpya iliyo chini haijakomaa inakutana na mafuta yale yale kesho yake. Mkorosho na mwembe ni familia moja. Kama wewe hutoka vipele mdomoni ukimenya embe kwa meno, jihadhari zaidi kwenye maganda ya korosho, ngozi yako huenda haiyapendi.

Kina mama wengi hujikinga kwa majivu. Majivu yanazuia mafuta yasigande mkononi, hilo kweli, lakini yana ukali kama wa magadi na yanakausha ngozi kupita kiasi. Afadhali upake mafuta mazito kabla ya kuanza, ya mgando au ya kupikia, kisha uvae glavu za mpira. Kama huna glavu, pakaa mafuta na uyarudie kila baada ya muda mfupi. Glavu iliyotoboka itupe siku hiyo hiyo. Mafuta ya ganda yakishapenya ndani yanakaa humo na mkono wako kama mboga kwenye sufuria iliyofunikwa, na hapo ni heri mkono mtupu. Ukikaanga kwenye bati kabla ya kubangua, simama upande upepo unakotoka, moshi ule nao unawasha macho na ngozi.

Ukimaliza usikimbilie mafuta ya taa. Futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kwa kuwa mafuta huondolewa na mafuta mwenzake, halafu osha kwa sabuni ya kuogea. Malengelenge yakitoka usiyatumbue, na ngozi iliyobabuka usiivute. Itadondoka yenyewe. Na usijishike uso, wala usiende msalani, kabla ya kunawa. Anayecheka hapo hajawahi kubangua.

Kuna wanaopaka hayo mafuta ya ganda kwenye magaga makusudi ili ngozi ngumu itoke. Inatoka, na nzima pia inatoka nayo. Usijaribu.

Wapuliziaji wa salfa nao, miezi ile ya katikati ya mwaka mikorosho inapokingwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, hurudi nyumbani na vumbi la njano mpaka kwenye kucha. Salfa hukausha na kuwasha. Mikono mirefu, viatu vya kufunika, na kuoga mara tu kazi inapokwisha.

Kwa watu wa mwani, pweza na mashamba ya chumvi, maji ya bahari yenyewe yanauvuta unyevu nje ya ngozi, na chumvi ikikauka mguuni inaendelea na kazi mpaka uioshe. Paka mafuta ya mgando miguuni kabla ya kuingia majini, vaa raba kuukuu, na ukitoka suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi hata kama ni kata moja tu. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi; kama chako ni hivyo, weka akiba ya maji ya mvua au ya bomba kwa msuuzo wa mwisho.

Halafu sabuni. Sabuni ya mche ni ya nguo. Sabuni ya unga ni ya nguo. Jiki ni ya sakafu. Mama ntilie anayeosha masufuria kwa mchanga na sabuni ya unga tangu alfajiri asishangae vidole vikipasuka kwenye viungo. Avae glavu, au akishindwa, anawe na kupaka mafuta kila anapokausha mikono. Kuogea tumia sabuni laini, na povu lisikae mwilini muda mrefu.

Kandambili sizikatazi, nani atavaa viatu vya kufunga Februari Mtwara? Ila ziko wazi nyuma, kisigino kinatanuka kila unapokanyaga na hewa inakikausha. Kama una magaga yanayotoa damu, vaa kiatu chenye kisigino kilichofunikwa kwa wiki mbili tu, uone tofauti.

Hatua ya pili: loweka

Beseni, maji ya uvuguvugu, dakika kumi hadi kumi na tano. Maji ya moto sana yanayeyusha hata yale mafuta machache uliyonayo, kwa hiyo kama mkono unasita kuingia, mguu nao usiingie. Usitie chumvi wala jiki. Usitie ndimu pia: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, yanaacha michomo na madoa meusi yanayokaa miezi.

Najua kuna wasomaji wa Newala na Tandahimba wanaoguna hapa, kwamba maji ya kunywa yenyewe ya ndoo, ya kulowekea miguu yatoke wapi. Basi chukua vitambaa viwili, vilowe kwenye lita moja tu ya maji ya uvuguvugu, vizungushe visiginoni na uketi navyo robo saa ukichambua mchele au ukisikiliza redio. Vikianza kupoa vilowe tena. Inafanya kazi ile ile. Njia nyingine ni kufanya haya mara tu baada ya kuoga, mguu ukiwa umeshalainika.

Mikono haihitaji zaidi ya dakika tano.

Hatua ya tatu: sugua, kidogo

Sasa ndipo jiwe linapoingia, na linaingia kwa adabu. Ngozi iliyolowa hutoka kwa urahisi, kwa hiyo huna haja ya nguvu. Sugua kuelekea upande mmoja, dakika mbili kwa kila mguu, acha ukiona unga mweupe umepungua. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Ufa uliofunguka wenye damu uruke kabisa. Kila mtu awe na jiwe lake, maana fangasi na vijidudu vingine hupita humo. Likishatumika lioshwe na lianikwe juani.

Mikono haisuguliwi kwa jiwe. Tumia dodoki laini, au sukari kijiko kimoja iliyochanganywa na mafuta ya ufuta, zungusha taratibu kisha suuza.

Wembe usiuguse. Nasema hivyo nikiwa na kovu. Nikiwa binti, siku moja kabla ya harusi ya dada, nilikaa uani na wembe mpya nikachonga kisigino kama mtu anayechonga mpini, nikafurahia vipande vinavyodondoka, mpaka kimoja kikatoka na nyama. Harusi nzima nilitembea kwa ncha za vidole na kucheza nikiwa nimekaa. Gundi za haraka za kubandikia viatu, ambazo vijana huzitia kwenye nyufa, nazo ni za viatu.

Hatua ya nne: paka mafuta ngozi ikiwa na unyevu

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Kausha kwa kukandamiza taulo, si kwa kufikicha. Katikati ya vidole pakauke kabisa, lakini kisigino na kiganja vibaki na unyevunyevu. Kisha ndani ya dakika tatu hivi, kabla maji hayajapaa, paka.

Upake nini? Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, ndiyo ninayoyapa nafasi ya kwanza kwa kufungia maji, na ni rahisi kuyapata hata duka la kijijini. Yanashinda losheni nyingi za bei kubwa, kwa sababu losheni ni maji kwa sehemu kubwa na ikishakauka unabaki na harufu. Mafuta ya nazi yanalainisha vizuri na hapa kwetu si ghali ukijitengenezea: zikune nazi mbili, kamua tui zito, chemsha kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka maji yaishe na mashapo yawe ya kahawia, chuja. Yakiganda Julai huko Newala hayajaharibika, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi; yafikiche viganjani yatayeyuka. Mafuta ya ufuta, maana Lindi ina ufuta wa kutosha, nayo yanafaa, ingawa ni mepesi na yanahitaji kurudiwa.

Glisirini watu wanaikosea. Wanaipaka ikiwa nzito vile vile ilivyotoka chupani, kwenye ngozi kavu, halafu wanalalamika inanata na kuchoma. Glisirini huvuta maji. Isipoyakuta nje inayatafuta ndani ya ngozi yako. Changanya kijiko kimoja cha glisirini na viwili vya maji safi, paka kwenye ngozi yenye unyevu, kisha juu yake mafuta ya mgando. Mchanganyiko huo tengeneza wa kutosha siku chache tu.

Kwa magaga sugu, yale yanayofanana na gome, uliza duka la dawa krimu yenye yurea. Ya asilimia 10 inashika unyevu, ya asilimia 20 hadi 25 inalegeza ngozi nene. Itauma kwenye ufa ulio wazi, kwa hiyo subiri ufunge kwanza.

Kitu cha kukwepa ni zile krimu za kupima kwenye vikopo visivyo na jina, zinazouzwa kwa sifa kwamba zinalainisha na "kutakatisha" kwa siku tatu. Mkorogo ni mkorogo hata ukipakwa miguuni. Zebaki na hidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa nchini, na steroidi zinazotiwa humo kinyemela hupunguza unene wa ngozi mpaka inapasuka kwa kuguswa. Niliwahi kununua kikopo kimoja cha aina hiyo gulioni. Mikono ilikuwa laini wiki mbili, halafu ikawa myekundu na kuwasha miezi minne.

Hatua ya tano: funika ulale

Vaa soksi za pamba kuukuu juu ya mafuta. Kwa mikono, kata soksi nyingine itoboe tundu la kidole gumba. Vaa ukiwa umeshakaa kitandani. Unyayo wenye mafuta kwenye sakafu ya saruji ni ajali inayosubiri bibi aamke kwenda msalani.

Wakati wa kusi, soksi usiku kucha ni raha. Kaskazi likiingia, Desemba mpaka Machi, ni adhabu, sikulazimishi. Zivae kwa muda wa saa moja jioni, wakati wa taarifa ya habari, kisha vua, futa mafuta yaliyobaki, lala. Na kwa ajili ya yule panya, chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, hasa kama umejipaka mafuta ya nazi au ya ufuta. Harufu ya chakula ni harufu ya chakula.

Ufa ukiwa umeshafunguka

Osha kwa maji safi na sabuni laini, kausha, jaza mafuta ya mgando ndani ya ufa, funika kwa plasta au kitambaa safi ili kingo zisitanuke unapotembea. Badilisha kila siku. Usitie majivu, tambuu wala vumbi la betri. Kama hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda, uliza kituo cha afya, hasa wewe unayelima pekupeku. Pakivimba, pakawa pa moto, pakatoa usaha, au mstari mwekundu ukapanda mguuni, hapo hakuna tena mambo ya mafuta. Nenda siku hiyo hiyo.

Wenye pumu ya ngozi, ambao mikono hupasuka na kuwasha tangu utotoni, watahitaji pia dawa ya daktari. Mafuta yatawasaidia, hayatawamalizia tatizo.

Uvumilivu wa muda gani?

Ulaini utausikia siku ya tatu au ya nne. Nyufa ndogo hufunga kwa wiki moja hadi mbili. Ngozi nene ya kisigino inachukua zaidi ya mwezi, kwa kuwa ni lazima ile ya zamani iishe na mpya ipande juu. Ukiona wiki nne za kila siku zimepita bila badiliko lolote, rudi kule mwanzo ukatazame tena kama si fangasi, au umwone daktari wa ngozi.

Baada ya hapo punguza: loweka mara moja kwa wiki, paka mafuta kila usiku. Usisubiri shuka ikunase uzi. Anza mvua za masika zinapokata, na msimu wa korosho ukikaribia, Oktoba, ongeza kopo jingine la mafuta ya mgando kwa ajili ya mikono. Kopo lenyewe liweke pembeni ya godoro, mkono unapofika. Shangazi aliliweka kabatini miaka yote, na anakiri mwenyewe kwamba akishaingia kitandani hakuna kilichowahi kumtoa kwenda kulifuata.